Chuma Alichotafuta Mativo

Siku hizi kila mwenye mashine ya kuchomelea huitwa fundi wa chuma. Huunganisha vipande viwili, akavipaka rangi nyeusi, akatangaza kwamba hilo ni geti. Mativo Kiema hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa mhunzi, na neno hilo ninaliandika nikijua kwamba vijana wengi wa hapa Shauri Moyo wakilisoma watadhani nimekosea herufi. Mhunzi hutia chuma motoni mpaka kiwe na rangi ya papai bivu, akakilaza juu ya chuma kingine kilicho baridi na kizito, akakigonga mpaka kiwe kitu cha kumfaa mtu. Kile cha moto huja na kuondoka kila siku. Kile baridi ndicho mhunzi huishi nacho.

Mativo alifua matezo. Tezo ni kama kishoka chenye ulimi uliolala, na mchongaji asiye na tezo ni mtu aliyekaa tu karibu na gogo. Wakamba wenzake wanaochonga twiga na vifaru kule Gikomba walimjia kwa miaka zaidi ya thelathini. Walikuja na springi ya gari iliyovunjika, wakaondoka na tezo, na hawakurudi ila kuleta salamu au kuleta mteja mwingine. Tezo la dukani, lile linalokuja ndani ya boksi lenye picha ya mzungu bustanini, hukunja makali mara linapokutana na mpingo. Wachongaji wote wanajua hivyo. Lakini watu wa siku hizi wana faraja moja: mtu mwenye kitu kibovu hatulii mpaka aone jirani naye anacho kibovu, kisha wote wawili husema ndiyo maendeleo.

Mapema mwaka huu safu ya vibanda alimofanyia kazi iliungua. Mativo aliamka asubuhi, akaenda bila wasiwasi mwingi. Mipini huungua, mbao huungua, lakini chuma cha kufulia hakiungui. Alichosahau ni kwamba wenye mikokoteni ya vyuma chakavu hawasubiri majivu yapoe. Walikuwa wamekwisha kupita. Nyundo zilikwenda, makoleo yalikwenda, na kile chuma kikubwa alichoachiwa na mwalimu wake, mzee aliyefanya kazi karakana ya reli enzi za injini za mvuke, nacho kilikwenda. Moto haukukiweza, mkokoteni ulikiweza. Kufikia jioni pengine kilikuwa kimeyeyushwa, kiwe nondo za kujengea gorofa litakaloanguka.

Mimi ni jirani wa Mativo na mkewe. Ua wangu na wao umetenganishwa na mabati tu. Mengine ya habari hii niliyaona juu ya mabati hayo, na mengine nilielezwa na Mativo mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Hata chai aliinywa bila sukari.

Mkewe, Kavinya, hupanga nguo za mitumba Gikomba, na ana akili ya watu wanaopanga vitu. Wiki moja baada ya moto alimwambia: "Baba Koki, umri huu wako ni wa kukaa. Matheka ameshaongea na mkubwa wao. Kiwanda cha sabuni, Baba Dogo. Kuna kibanda, kuna redio. Unafungua geti, unafunga geti."

Matheka ni ndugu yake Kavinya, msimamizi wa walinzi.

"Mimi nikafungue geti la kuchomelewa?" akasema Mativo.

"Hata likiwa la dhahabu, litafunguliwa tu."

"Nitaweka moto hapa nyuma."

"Na vyombo? Utagonga kwa meno?"

Walibishana siku kadhaa, kwa Kikamba wakiwa na hasira na kwa Kiswahili wakiwa wamechoka, kisha wakaafikiana. Mwezi ukiisha kabla Mativo hajafua tezo la kwanza nyuma ya nyumba, atavaa sare ya Matheka na maneno yaishe. Akilifua, Kavinya hatataja geti tena. Ndivyo mzee yule alivyoanza kutafuta vyombo, akiwa na mwezi mmoja na mifuko isiyo na kitu.

Nitasema ukweli ingawa sipendi kuusifu mji huu: vitu vingi alivipata. Jiko la moto alilitengeneza kwa rimu ya lori, akaipaka ndani udongo aliochanganya na majivu. Zamani upepo wa kuchochea ulitoka kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Yeye alipata kifeni cha gari kuukuu, akakiunganisha na betri. Makoleo aliyafua baadaye kwa nondo, na mpaka hapo alishika chuma kwa plaisi ya fundi baiskeli. Kichwa cha nyundo alikiona Gikomba katikati ya kufuli zisizo na funguo, akakitambua kama mtu anavyomtambua mtoto wa rafiki yake, akakinunua bila kukikodolea macho, maana muuzaji akikuona umependa, bei huota miguu. Oili chafu ya kupozea alipewa bure gereji. Makaa alichagua mwenyewe gunia kwa gunia, akiyagonganisha asikie yakilia, kwa sababu makaa mepesi huisha kabla chuma hakijaona haya.

Kilichobaki ni kile chuma baridi. Nacho kina jina katika Kiswahili. Kinaitwa fuawe. Nililiona neno hilo katika kamusi niliyookota sokoni enzi ambazo vitabu viliwekwa chini kando ya barabara na watu wakainama kuvisoma. Nilimpigia Mativo kelele juu ya mabati, nikamwambia: "Hicho unachotafuta kinaitwa fuawe!"

"Baba Wanja," akanijibu, "nikitaja hilo Gikomba, wataniuliza linatibu nini."

Alisema kweli. Yeye na mwalimu wake waliita kitu hicho chuma, basi. Katika kazi yao hakukuwa na haja ya jina zaidi, kama vile mtu hamwiti mama yake kwa jina.

Fuawe jipya lipo katika duka moja la mabwana wakubwa huko viwandani. Kijana wa duka alimwonyesha picha kwenye simu, akataja bei, na Mativo akamshukuru kwa picha. Mafundi wa Kamukunji wana vipande vya reli wanavyogongea masufuria na matoroli, lakini kila kipande kule kina mwenyewe, na mwenyewe ana mwanawe anayesubiri. Alijaribu kichwa cha nyundo ya kuvunjia mawe akakizamisha ndani ya gogo. Kilifaa kwa visu vidogo. Tezo linahitaji mahali pa kulala na bega la kuinamia. Alijaribu kipande cha injini kikapasuka kama chungu. Siku zilikuwa zinakwenda, na Kavinya alikuwa haulizi kitu. Mwanamke asipouliza kitu ameshahesabu.

Mwisho akaenda kwa Muriuki, muuzaji wa vyuma chakavu, Mkikuyu mwenzangu na mtu mwoga kwa sababu nzuri.

"Nataka kipande cha reli," Mativo akasema.

"Mzee, sema polepole."

"Nataka kipande cha reli," akasema polepole.

"Sasa hata usiseme. Unajua vile watu wamefungwa juu ya reli?"

"Kipande tu. Urefu wa mkono."

"Kipande ndicho kinafunga mtu. Ukishikwa na reli nzima watadhani wewe ni kontrakta." Muriuki aliangalia huku na huku. "Enda Mathare, kule chini karibu na mto, pale wanaosha magari. Uliza Frankline. Lakini usitaje reli, utanichomea. Sema tu unatafuta chuma. Ataelewa."

Na Frankline alielewa. Alielewa kama ambavyo mtu yeyote wa rika lake angeelewa. Katika mitaa yetu, mtu akishusha sauti na kusema anatafuta chuma, hata mtoto anayecheza gololi anajua kwamba anatafuta bunduki. Wamelichukua neno la kazi, neno la jembe na sufuria, wakalivika kofia ya majambazi. Mativo alikuwa amelitumia maisha yake yote kabla hao hawajazaliwa, akalibeba mpaka Mathare likiwa na maana yake ya zamani, kama mtu anayelipa nauli kwa pesa zilizokwisha kufutwa.

Alimkuta Frankline amekaa juu ya ndoo, anatafuna mogoka, majani yale ya jamii ya miraa.

"Niaje, mzae."

"Mzima, kijana wangu. Nimeambiwa nikuulize. Natafuta chuma."

Frankline aliacha kutafuna. "Chuma?"

"Chuma. Nilikuwa nacho, kikaibwa baada ya moto."

"Ulikuwa nacho? Wewe?"

"Miaka mingi sana. Niliachiwa na mwalimu wangu, marehemu."

"Mwalimu!" Frankline alimgeukia mwenzake aliyeshika mpira wa maji. "Unaskia? Hawa wazae tunawabeba ufala, kumbe ni wakali." Kisha akamrudia Mativo. "Na unataka kufanyia wapi hiyo kazi?"

"Nyumbani tu. Nyuma ya nyumba. Majirani wako karibu lakini nitakizungushia mnyororo, kelele ipungue."

"Mnyororo unapunguza kelele?"

"Kabisa. Mtu wa mlango wa tatu hawezi kujua nimepiga."

Mnyororo ni ufundi wa kweli. Ukilifunga fuawe kwa mnyororo mzito, mlio wake hufa. Mativo alinieleza kwamba mmoja wa vijana wale alimletea kiti na mwingine akampa soda. Alirudi nyumbani amefurahi. Aliniambia kwamba watu wanawasema vibaya vijana wa Mathare, kumbe heshima bado ipo.

Aliitwa tena siku ya tatu, mchana. Walimwingiza katika chumba chenye kitanda na televisheni kubwa, Frankline akafungua taulo juu ya kitanda. Ndani mlikuwa na bastola ya kienyeji, ya kuungwaungwa kwa bomba.

Mativo aliitazama. Akasema, "Si hiki."

"Nini mbaya?"

"Ni kidogo sana."

"Eh! Mzae anataka kubwa!"

Hapo ndipo alipotambua walichodhani anakitafuta. Akaanza kugonga goti lake kwa ngumi, akionyesha. "Mimi nataka cha kugongea! Cha kukaa chini ya nyundo! Kipande cha reli, kijana wangu, mimi ni fundi wa matezo!"

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Walimpigapiga mabegani. Mativo naye akacheka, kwa sababu mtu mwenye hofu hucheka haraka kuliko wote. Mambo yangeishia hapo. Lakini Frankline alipokuwa anafunga taulo aliuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: "Kwa hivyo wewe unajua chuma. Hii yetu ilikatika hapa ndani. Kwa nini ilikatika?"

Mhunzi akiulizwa habari ya chuma hujibu habari ya chuma. Mativo aliinama, akaangalia palipovunjika, akasema, "Aliyeifua alikuwa na haraka. Kimekauka mno. Kingetulizwa, kisingekatika."

"Na wewe ungeituliza?"

"Mimi hufua vitu vya kukata mti," akasema, akaomba ruhusa, akatoka. Njia nzima alijiambia kwamba amejibu vizuri. Hakutambua kwamba swali lile lilikuwa la kumpa kazi.

Jumapili ile Kavinya alirudi kutoka kanisani kabla ibada haijaisha. Nilikuwa naanika shati, nikasikia mlango ukifungwa kwa teke.

"Baba Koki. Niangalie usoni. Wewe unatafuta bunduki?"

Mativo akacheka.

"Unacheka? Nimeombewa! Nimesimamishwa mbele ya kanisa lote! Mama Ndanu wa maombi ameniwekea mikono hapa kichwani, anasema, tuombee familia inayopitia jaribu la chuma! Mimi nikasema amina, nikidhani ni kwa sababu ya vyombo vyako vilivyoibwa! Nimesema amina kwa sauti!"

"Basi si wamekuombea vizuri?"

"Ndipo akaninong'oneza, mwambie mzee arudishe kabla polisi hawajamjia."

Mativo hakucheka tena. Alimweleza yote, na mimi upande wangu nikasimama na shati mkononi, maji yakinichuruzikia miguuni. Zamani, mtu akisingiziwa katika mtaa huu, wazee wa mlango kwa mlango walikaa, wakaitana, wakaulizana, na aliyesema uongo akatoa mbuzi. Siku hizi hakuna baraza. Kuna simu. Neno hutoka Mathare, hupita Gikomba, hufika kanisani, na mwenye kulibeba hana uso. Kuna vijana niliowajua tangu wakinyonya waliotajwa hivyo. Mtu hutajwa, kisha huzikwa, na katikati hapo hakuna anayeuliza nani alitaja. Mzee pia ana kifua kinachoingia risasi.

Kavinya alitaka kazi ya geti ianze kesho yake. Mativo alisema kukimbia ndiko kutawafanya waamini. "Nikifua tezo moja tu, watu waje waone, maneno yatakufa. Wataona nilitaka nini." Na katika hilo nilimuunga mkono. Ila fuawe bado halikuwapo, na mwezi ulikuwa umebakiza wiki moja.

Jumatano, saa za mchana, mkokoteni ulisimama nje umejaa mabua ya sukuma wiki. Mwenye mkokoteni alipiga hodi, akauliza kama ni kwa mzae wa matezo, akatoa mabua, akaviringisha chini kitu kilichofungwa gunia, akaondoka bila kungoja hata maji ya kunywa. Mativo hakuwapo. Kavinya alilifungua gunia. Ndani mlikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichokatwa vizuri pande zote mbili, kichwa chake kimeng'aa kwa kukanyagwa na magurudumu ya miaka.

Yeye ndiye aliyeniita. "Baba Wanja, njoo uone! Amepata! Huyu mtu amenunua bila kuniambia!"

Nilizunguka nikaingia uani. Alikuwa anakipangusa kwa kanga yake mwenyewe, mwanamke yule aliyesema litafunguliwa tu. Alichukua ufunguo wa mlango, akakigonga. Kililia sauti ndefu na safi, iliyokwenda ikarudi, na jirani wa upande wa pili akatoa kichwa dirishani. Kavinya alitabasamu kama msichana. "Hebu sikia," akasema. "Basi, awashe. Mimi sitaki tena habari za Matheka."

Mativo alirudi saa tisa. Alisimama mlangoni akakiona, na uso wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja, ambayo mimi sijapata kuyaona katika uso mmoja. Alikwenda, akapiga goti, akapitisha kiganja juu ya chuma chote mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye udongo.

"Mama Koki," akasema, "ulilipa?"

"Si ulilipa wewe?"

"Mimi sikulipa."

Kavinya alishusha kanga.

Frankline alikuja kesho yake asubuhi, peke yake, amevaa shati safi. Alimwamkia Kavinya vizuri. "Shikamoo, mathe." Mkononi alikuwa na mfuko wa mkate, nao ulikuwa mzito kuliko mkate. Alikaa kwenye kigoda uani, akaisifu rimu, akakiwasha kifeni kidogo aone kinavyopuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya mabati yangu na sikutoka.

"Umeona kazi yetu, mzae? Kitu safi."

"Ni kitu safi," Mativo akasema. "Nakushukuru. Lakini mkirudishe."

"Turudishe wapi? Reli nayo hurudi?" Frankline akacheka. "Angalia. Wewe ndio ulikuja. Hatukukutafuta. Ulisema unataka chuma, tukakuonyesha, ukasema si hiyo. Tukaenda tukatafuta ile yako. Kuna msee wetu angepigwa risasi juu ya hiyo reli. Tumekuheshimu ama hatujakuheshimu?"

"Mmeniheshimu."

"Sawa. Sisi pia tuko na kitu kimekatika." Akauweka mfuko wa mkate juu ya reli. "Hii tu. Na ikipatikana nyingine, hiyo nyingine. Hutakosa kazi mpaka ufe."

Ninataka msomaji aelewe kwamba kijana yule hakutisha kwa sauti. Alizungumza kama mtu anayefuata kanuni, na kanuni yenyewe, nipende nisipende, ilikuwa yetu. Aliyekuletea ng'ombe hungojei akuombe maziwa. Vijana hawa wametupa kila kitu chetu jalalani, wakaokota hicho kimoja.

Mativo alitazama reli, na mimi kwenye tundu la bati nikamwona akiitazama, na nikaogopa. Tezo lilikuwa pale, ndani ya springi iliyoegemea ukuta. Kilichohitajika ni kusema ndiyo mara moja, kwa kitu kidogo kuliko kiganja.

Kavinya alisema, kwa Kikamba, neno moja tu, jina la mume wake. Si Baba Koki. Mativo.

Mzee aliinuka, akauchukua mfuko wa mkate kwa mikono miwili, akampa Frankline. "Kijana wangu, mwalimu wangu alinifundisha mpaka kwenye kukata mti. Hapo mbele hakunifundisha. Nikijaribu nitakuharibia, kikupasukie usoni."

Frankline alimtazama. "Unadanganya," akasema, bila hasira. "Uliangalia mara moja tu ukajua shida. Hukutaka, sema hukutaka."

"Sikutaka."

"Poa." Akasimama, akajipangusa suruali. "Basi usipigie mtu mwingine. Sisi tukisikia nyundo hapa, tutajua umepata wenye umewapenda. Hatutakuja kuuliza ni tezo ama ni nini. Na hiyo reli kaa nayo. Ukienda kuripoti, ripoti na yenyewe." Alimuaga Kavinya kwa adabu, akatoka, na mlangoni akageuka: "Mnyororo nayo haisaidii, mzae. Siku hizi tunajua."

Wakati mwingine wasomi huniambia kwamba angekwenda kwa polisi. Aende aseme nini? Kwamba nyuma ya nyumba yake pana mali ya reli, na kwamba mlangoni pake ililetwa bunduki, na kwamba mtaa mzima umeshasema aliitafuta? Angekwenda kwingine, wanasema. Mzee wa sabini, bila kibanda, katika mji ambao hata mahali pa kusimama pana mwenyewe. Tulizungumza mambo hayo yote, mimi na yeye, siku mbili, mpaka tukachoka kuzungumza. Mhunzi anaweza kuficha moto wake, anaweza kuficha vyombo vyake. Hawezi kuficha mlio.

Tulichimba shimo uani Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wakiwa sokoni. Kavinya ndiye aliyechimba zaidi. Tuliilaza reli ndani, tukaifunika udongo, tukaumwagia maji ukakaza. Rimu aliitoa udongo, akamuuzia muuza mahindi ya kuchoma. Kifeni alikichukua fundi wa redio.

Siku ya kwanza ya mwezi alikuwa amekaa kitandani akifunga vifungo vya sare, mlango wazi, mimi nimemletea uji, tuliposikia hodi. Alikuwa Musau, mchongaji wa Gikomba, na matezo mawili yaliyong'oka makali chini ya kwapa.

"Niliambiwa umepata chuma," Musau akasema, akicheka, maana hata yeye alikuwa amesikia ile habari ya kwanza. Kisha akaiona sare. "Hii nini?"

"Kazi."

"Na haya?"

Mativo aliyapokea. Alipitisha kidole gumba juu ya makali, upande huu, upande ule. Moja lilikuwa lake, la zamani. Lingine lilikuwa la boksi. Alilitenga lake, akalishika kidogo zaidi.

"Mpelekee mwenye grinda pale kwenye kona," akasema. "Lakini usimwachie akae peke yake nalo. Simama hapo. Ukiona rangi ya samawati inakimbia kwenye makali, mwambie asimame, alitie maji. Likipita hapo limekufa."

"Kwani wewe siku hizi hutaki?"

Mativo alimrudishia matezo yote mawili. Kavinya alikuwa amesimama jikoni, ameupa mlango mgongo, na mwiko mkononi haukuwa unakoroga kitu.

"Enda mapema," akasema Mativo, "kabla stima ya grinda haijapotea. Mimi naingia saa kumi na mbili jioni, na Baba Dogo ni mbali kwa miguu."